Jasho Lisiloonekana

Dodoma, Jumapili jioni, Oktoba

Nilikulia Tanga, ambako joto humwandama mtu mpaka kitandani na jasho humtiririka shingoni hata akiwa kivulini, kwa hiyo nilipohamia Dodoma nilijihesabu kuwa mzoefu wa jua. Nilijidanganya. Hewa ya huku ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla halijaonekana, na kwa kuwa shati halijalowa, mtu hudhani hapotezi maji yoyote. Mvua za mwisho zilikuwa za Aprili, na za kuaminika hazitarajiwi kabla ya mwisho wa Novemba au Desemba.

Juzi ilikuwa siku ya nne tangu bomba letu likauke. Nilikuwa nimebakiwa na madumu matatu ya lita 20, nami nikaanza kubana matumizi kuanzia mahali pasipobanwa, yaani maji ya kunywa. Asubuhi nilikunywa kikombe kimoja cha chai, kisha nikashinda uani nikichimba mashimo ya miche. Ilipofika saa nane mchana kichwa kilikuwa kinagonga, mkojo umekuwa wa rangi ya chai kavu, na nilipoinuka kwa ghafla nikaona giza. Jirani yangu, bibi wa Kigogo ambaye huwa haulizi habari yoyote kabla hajanisalimu kwa “Mbukwa” yake, alinikuta nimeketi kizingitini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekunywa maji leo?”

“Ninayabana, bibi, yasije yakaisha.”

“Bana ya kuogea. Ya kunywa ukiyabana, utakayeisha ni wewe.”

Nilichanganya maji kama akina mama wanavyofundishwa kliniki kwa ajili ya mtoto anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Nikayanywa kidogo kidogo kivulini hadi kichwa kikatulia. Ningekuwa nimeanza kuweweseka, au mwili kuwaka moto, hapo pangekuwa pa kukimbilia hospitali, si pa sukari na chumvi.

Jioni nilipopiga hesabu upya niliona aibu. Lita nne za kunywa kwa siku ni moja ya tano tu ya dumu, lakini choo changu cha kuvuta humwaga lita sita au zaidi kila kinapovutwa, maana yake kukivuta mara mbili ni kumwaga maji ambayo ningeyanywa kwa siku tatu! Tangu siku hiyo chooni yanaingia maji yaliyokwisha kufulia, na yale ya kuoshea mchele nayatunza kwa ajili ya mchicha. Kunawa uso sikukupunguza, kwa sababu Kongwa, wilaya ya mkoa huuhuu, inajulikana kwa historia yake ndefu ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoenezwa na mikono, vitambaa na nzi wanaofuata nyuso chafu. Kibuyu chirizi nilichokitengeneza kwa kidumu cha mafuta ya kula kinatosha kwa kazi hiyo, kwani hutoa maji kama uzi.

Friji nimeizima, kwa kuwa ilikuwa inamaliza umeme wa LUKU kwa sababu ya chupa mbili za maji baridi tu. Badala yake nimenunua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, nikaukalisha juu ya mchanga wenye unyevu, kwenye kivuli cha ukuta ambapo upepo unapita. Maji hupenya polepole kwenye udongo, hukauka kwa nje, na katika kukauka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Kule Tanga mtungi wa mama ulikuwa unalowa kutwa nzima na maji yakibaki vuguvugu, kwa sababu hewa ya pwani imekwisha kushiba unyevu. Ukavu huuhuu ulioniangusha juzi ndio unaonipozea maji leo. Mdomo wake nimeufunika kwa kitambaa na kifuniko, kama nilivyoyafunika madumu, maana mbu wa dengi hutaga penye maji ya akiba hata wakati wa kiangazi.

Bibi alipita jioni hii kuukagua. Alikunywa kata moja, akanyamaza kidogo, akaongeza ya pili, kisha akaulizia maji ya mchele: ana mche wa mpapai unaonyauka.