Giaboksi ya otomatiki: kuifungua au kutafuta nyingine

Gari bado liko juu ya stendi, giaboksi iko mezani, na uamuzi nimeshaufanya: naifungua na kuijenga upya hiihii. Naandika jinsi nilivyofika hapa kwa sababu kuamua kumenichosha kuliko kushusha giaboksi yenyewe, na najua wapo wengi walioambiwa "imekufa hiyo, tafuta nyingine" kabla mtu hajachomoa hata dipstiki.

Dalili

Ni gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, gia nne. Ya kwanza na ya pili zinashika vizuri, bila mshtuko. Ikiingia ya tatu injini inanguruma, mshale wa mizunguko ya injini unapanda mpaka 4000 na mwendo hauongezeki. Rivasi unaiweka, unasubiri, kisha gari linajikokota kwa shida.

Kilichonisaidia kuliko kitu kingine chochote ni jedwali moja kwenye kitabu cha ufundi, lile linaloonyesha kila gia inashikwa na klachi zipi, yaani seti za sahani ambazo pistoni huzibana kwa presha ya mafuta. Kwenye giaboksi hii kuna klachi moja inayofanya kazi kwenye gia ya tatu, ya nne na rivasi, na kwenye ya kwanza na ya pili imelala tu. Gia zinazonisumbua ni zilezile. Kwa hiyo nilikuwa na sehemu moja iliyoshindwa, na sehemu nyingine nyingi ambazo bado zinafanya kazi yake. Gari linaloteleza kwenye gia zote ni jambo jingine: hapo unashuku mafuta pungufu, filta iliyoziba au pampu. Jedwali hutofautiana kati ya giaboksi na giaboksi, kwa hiyo tafuta la kwako, usitumie la jirani.

Vipimo kabla ya kushusha

Mafuta ya giaboksi yalikuwa ya kutosha lakini yamegeuka kahawia iliyokolea, na harufu ya kuungua ilisikika wazi. Niliangalia pia kama yamekuwa na rangi ya maziwa yenye uwaridi, maana hiyo huonyesha kwamba maji ya rejeta yamepenya kwenye mafuta. Maji yakiingia, gundi inayoshika bitana za klachi (tabaka la msuguano kwenye sahani) huachia, na hapo hata klachi zilizokuwa nzima haziaminiki tena. Kwangu hayakuwepo.

Solenoidi za kubadilisha gia (valvu ndogo za umeme) zilisoma ndani ya 11 hadi 15 ohm kama kitabu kinavyotaka. Hii ni hatua ya dakika chache na mita ya kawaida, na huokoa watu, kwa sababu solenoidi au valvu bodi (sehemu inayogawa mafuta kwa kila klachi) mara nyingi hubadilishwa giaboksi ikiwa bado kwenye gari. Presha ya mafuta niliipima kwa geji, kwanza injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa, kisha ikikanyagwa ndani ya gia huku breki imebana. Zote mbili zilikuwa sawa. Pampu ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Sampu

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, tochi mdomoni. Chini ya sampu, yaani trei ya mafuta ya giaboksi, kulikuwa na tope jeusi, laini ukilisugua kati ya vidole, lisilo na ukakasi wa chuma. Hiyo ni bitana ya klachi iliyosagika. Kwenye sumaku kulikuwa na uji wa kijivu, mlaini pia, ambao ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Nilikuwa natafuta vitu viwili nilivyoviogopa: vipande vya chuma vyenye ncha, ambavyo hutoka kwenye meno ya gia za sayari au kwenye beringi, na chembe za rangi ya shaba, ambazo hutoka kwenye bushi na washa. Sikuona hata kimoja. Ningeviona, makala hii ingeishia kwenye giaboksi nyingine.

Hesabu

Watu hulinganisha bei ya giaboksi na bei ya vifaa, basi. Ulinganisho huo haufai. Kinacholinganishwa ni gharama yote mpaka gari litembee, pamoja na swali la nani atalipa likiharibika tena.

Iliyojengwa upya kiwandani huja na dhamana, na ya zamani unairudisha kwao. Kwa gari jipya ningeichukua bila kusita. Kwa hili langu ingekula zaidi ya nusu ya thamani ya gari lenyewe. Giaboksi ya mtumba ndiyo yenye bei ya kuvutia zaidi, lakini ina umri uleule na sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) zilezile zilizopikwa na joto, na historia yake sijui. Lazima pia namba ya aina yake ifanane na iliyo kwenye kibati cha gari, kwa sababu giaboksi mbili zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana kwa uwiano wa gia na kwa soketi za umeme. Ikigoma, kazi ya kushusha na kupandisha inaanza upya, na hiyo hairudishwi na muuzaji.

Mezani

Jaribio lililomaliza mjadala ni la upepo. Ukishatoa valvu bodi, tundu la kila klachi liko wazi. Unapuliza upepo wa kompresa uliopunguzwa, kama psi 40 hivi, na kusikiliza. Klachi ya gia za kwenda mbele ilijibu "duk!" moja nzito, pistoni imesukumwa na imebaki palepale. Ile ninayoishuku ikatoa "ssss" mfululizo, bila mgongano wowote. Nilipoifungua, sili ya pistoni ilikuwa ngumu, imepoteza unyumbufu wote. Presha ilikuwa inavujia hapo, sahani zikateleza, zikaungua. Sahani za chuma zina madoa ya bluu. Ndani ya dramu, yaani kikombe cha chuma kinachobeba klachi, mahali sili inapopita, ukucha wangu hausikii mkwaruzo wowote, na hilo ndilo nililolihitaji zaidi. Dramu iliyochimbika ingeharibu sili mpya.

Sababu ninaijua, na sehemu ngumu ni nzima. Nitabadilisha sili zote na sahani za klachi zote, hata zinazoonekana nzuri, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Filta ni lazima. Tokikonveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, nayo naibadilisha, maana imejaa tope lilelile na haifunguki kwa urahisi ili kuoshwa. Kipoza mafuta na mabomba yake nitayasafisha mpaka yatoe mafuta safi. Giaboksi nyingi zilizojengwa vizuri zimeuawa na uchafu uliobaki humo.

Kwa sasa nasubiri seti ya vifaa. Sahani mpya zitalowekwa kwenye mafuta ya giaboksi nusu saa au zaidi, kisha nitapima nafasi ya kila klachi kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kabla ya kufunga kifuniko. Tokikonveta nitaizungusha huku naisukuma mpaka ikae yote kwenye pampu, na nitapima kina chake kwa rula kabla ya kuiunganisha na injini. Ukiivuta kwa bolti ikiwa haijakaa, unavunja pampu.