Bawaba za mlango wa dereva: nilivyoziponya kwa vali za injini

Mlango wa dereva wa gari langu ulikuwa na masharti. Ushike mpini, uunyanyue kidogo kama unayemlaza mtoto bila kumwamsha, usukume ndani, ndipo uachie. Ukiubamiza tu, chuma kinagonga chuma na mlango unarudi ulikotoka. Nilishauzoea hata sikujua kwamba nafanya hivyo kila siku. Shemeji yangu alipoazima gari kwenda msibani Pongwe, alinipigia simu akiwa kituo cha mafuta: "Shem, hivi mlango wako unafungwaje? Nimesimama hapa watu wananitazama."

Gari lenyewe ni Hilux LN106 ya mwaka 1994, kabini moja, dizeli ya lita 2.8, niliyoachiwa na marehemu baba. Kazi yake ni kushusha viungo kutoka vijiji vya Amani hadi Muheza: iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Msimu wa machungwa ukifika linakwenda mpaka Tanga mjini. Anayeijua njia ya Amani hahitaji kusimuliwa mashimo. Mlango unatikisika kutwa nzima, na wa dereva ndio unaofunguliwa mara nyingi kuliko wote, maana kila kijiji nashuka, napima, nalipa, napanda tena. Halafu gari lenyewe ni la juu. Mimi nina kimo cha kawaida, basi kila nikipanda nilikuwa naushika mlango najivutia ndani. Uzito wangu wote unaning'inia kwenye bawaba mbili.

Mara ya kwanza nilipeleka gereji. Fundi hakuzitazama bawaba hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile chuma cha nguzoni kinachopokea kitasa, akalegeza skrubu zake mbili, akakishusha kidogo, akakaza. Mlango ukafunga kwa sauti nzuri kabisa, nikatoa elfu kumi, nikashukuru. Baada ya wiki tatu nikarudi. Akakishusha tena. Mara ya tatu skrubu zilikuwa zimefika mwisho wa tundu zake, hapana pa kushuka tena, basi akachukua mtaimbo, akaweka kipande cha ubao chini ya mlango, akaupandisha kwa nguvu mpaka bawaba zikapinda. Huo nao ukakaa kama mwezi. Wakati huo ukingo wa chini wa mlango ulishaanza kula rangi ya kizingiti, na palipoliwa rangi kutu haikuchelewa.

Siku iliyonitia akili ilikuwa ya mvua. Tunashuka na magunia ya mdalasini, nikakata kona ya kushoto, mlango ukafunguka wenyewe. Ulifunguka kwa upole, kama kuna mtu ananikaribisha nje. Mkanda nilikuwa nimefunga, na kijana wangu wa kazi alinidaka shati kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika dashibodi. Hatukusemezana mpaka tulipofika chini.

Kumbe kitasa kilikuwa kizima siku zote. Kilikuwa kinadaka nusu, kwa sababu mlango unafika mahali pake ukiwa umeshuka. Jioni ile nilimwambia kijana aufungue mlango nusu, ashike ncha yake ya mwisho, aunyanyue na kuushusha taratibu. Mimi nikaweka kidole kwenye bawaba ya juu. Kila akinyanyua nasikia "tok" ndogo kwenye ngozi kabla ya kuisikia sikioni: pini, kile kichuma kinachoshikanisha majani mawili ya bawaba, inacheza ndani ya tundu lake. Nikahamia ya chini. Inacheza pia, ila kidogo. Hapo nikatazama na nguzo yenyewe, maana kuna magari ambayo bawaba ni nzima lakini bati la nguzo limepasuka kuzunguka bolti, au bolti zimelegea tu na spana inatosha. Yangu yalikuwa salama. Ukitaka kujua tofauti, tazama kinachosogea: kama jani la bawaba lililofungwa nguzoni limetulia na la mlangoni linapanda na kushuka, ugonjwa uko kwenye pini. Kama majani yote mawili yanakwenda pamoja, ugonjwa uko nyuma yake.

Na hesabu yake ndiyo iliyonishangaza. Mlango una urefu wa karibu mita 1, na bawaba mbili zimeachana kama sentimita 40. Uzito wa mlango unavuta bawaba ya juu kwenda nje na kuikandamiza ya chini kwenda ndani. Pini ya juu ikilegea milimita 1 tu, ncha ya mlango kule kwenye kitasa inashuka milimita 2 na nusu. Yangu ya juu ilikuwa inacheza karibu milimita 2. Fundi wa watu alikuwa anafuata shimo la panya upande wa kutokea.

Nilianza kwa kuulizia bawaba mpya. Za kiwandani zilikuwa za kuagiza, na bei niliyotajiwa ilinifanya nikate simu kwa adabu. Zilizotumika nilizipata, lakini aliyekuwa nazo alikuwa na za kushoto, akaniapia kwamba ukizigeuza ni zile zile. Si kweli. Ya juu si ya chini, na ya kulia si ya kushoto. Nilizishika mkononi nikaziona matundu yake yanatazama kwingine. Isitoshe zilikuwa zinacheza kama zangu. Kununua ulegevu wa mwenzio ni biashara gani?

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga mjini, anayekereza vyuma, mtu wa bushi za trekta na shafti za mashine za kukobolea. Nilimwamkia, nikamweleza. Akaniuliza kama nimekuja na bawaba. Nikasema hapana, nimekuja na gari. "Mwanangu, mimi sitengenezi magari. Nenda kazitoe uniletee. Na nyumbani huna vali kuukuu za injini?"

Vali? Vile vijiti vyenye kichwa kama uyoga vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi ndani ya injini? Nilidhani amenisikia vibaya. Akanieleza kwamba shina la vali ni chuma kigumu, kimesuguliwa laini kuliko chochote atakachonichongea yeye, na za injini nyingi za aina hiyo zina unene wa milimita 8 kasoro kidogo, sawa na pini ya bawaba yangu. Basi nyumbani vali ninazo. Baba alikuwa hatupi kitu. Injini ilipofumuliwa zamani na kuwekwa vali mpya, zile za kwanza alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga na mafuta machafu juu yake, zote nane, na kopo lilikuwa bado liko chini ya kitanda cha stoo.

Kuzitoa bawaba ndiyo ilikuwa kazi yangu, na iliniumiza kuliko nilivyotegemea. Siku mbili kabla nilizipaka bolti dizeli asubuhi na jioni. Nikachora kwa ncha ya msumari mstari kuzunguka kila jani la bawaba, nguzoni na mlangoni, ili nijue zilikaa wapi. Mlango nikauegemeza kwenye jeki iliyofunikwa gunia lililokunjwa, kijana kashika ncha. Bahati hii ni gari la zamani, kioo cha kuzungusha kwa mkono, hakuna waya hata mmoja unaoingia mlangoni. Mwenye gari la vioo vya umeme akumbuke kuchomoa waya kwanza. Nikagonga pini ya kile chuma kinachozuia mlango usifunguke kupita kiasi, halafu bolti.

Bolti zote ni za spana namba 12. Za mlangoni zilitoka bila kelele. Za nguzoni zimejificha kwenye kona ambayo spana ya kawaida haizunguki. Fundi jirani aliniazima spana ringi aliyoipasha moto na kuipinda shingo mwenyewe, ina sura ya mguu wa mbuni. Bila ile ningeishia kulifungua bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu. Tatu zikatoka. Ya nne, ya chini kabisa, ilizunguka robo, ikawa laini ghafla. Ule ulaini kila aliyewahi kukata bolti anaujua. Moyo unashuka kabla hujaona kitu.

Nyuma ya bati la nguzo kuna kipande cha chuma chenye nyuzi, kimewekwa kikicheza makusudi ili bawaba iweze kusogezwa wakati wa kupanga mlango. Kikidondokea ndani ya nguzo umekwisha. Kwa hiyo sikuthubutu kugonga. Nilitoboa kisiki cha bolti katikati kwa drili ndogo, nikapanda ya milimita 5, kisha 6.5, kijana anamwagia mafuta, mimi nahesabu pumzi. Mabaki ya bolti yalitoka kama springi ya saa. Nikapitisha kifaa cha kukatia nyuzi cha kipimo cha bolti ile, nikajaribu bolti mpya kwa vidole: ikaingia. Saa tatu nzima kwa bolti moja.

Jani la juu lilipobanduka nguzoni, chini yake palikuwa na rangi nyeupe. Gari langu ni la buluu tangu nilipokuwa sekondari. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba baba alilinunua jeupe.

Ngamiani, mzee alizikata vichwa vya pini za zamani kwa grinda, akazitoa kwa panchi. Ya juu ilikuwa imekonda katikati kama kiuno cha nyigu. Akaipima kwa venia, milimita 8 zilikuwa zimebaki 6.7. Tundu nalo halikuwa duara tena, lilikuwa na umbo la yai. Akayapanua matundu ya jani la mlangoni yawe milimita 10, akakereza bushi za shaba, yaani vibomba vifupi vya kuvishwa ndani ya tundu, nje 10, ndani 8, akazisukuma kwa vaisi, si kwa nyundo. Kisha akamwaga kopo la baba mezani. Nne za moshi akazisukuma kando bila kuzipima, moto ulishazila. Nne za hewa alizipima moja moja kila upande wa shina, maana sehemu iliyokuwa inapanda na kushuka ndani ya injini huisha pia. Akachagua mbili. Kichwa cha vali akakikereza mpaka kikabaki kofia ndogo kama kifungo cha shati, akakata shina kwa urefu, na chini akachora mfuo wa klipu. Pini inaingia kutokea juu, kofia inaizuia isidondoke, klipu inaizuia isipande.

Nilimwuliza kwa nini asichomelee tu pini kwa chini, iwe imekwisha. Aliniangalia juu ya miwani. "Ukichomelea, atakayekuja kuitoa atanitukana. Na huenda akawa mimi." Pini inabana kwenye jani la nguzoni na kuzunguka ndani ya shaba, kwa hiyo siku za usoni itakayoisha ni bushi, kitu cha elfu chache. Aliacha na mfereji mwembamba ndani ya bushi kwa ajili ya grisi. Kwa bawaba mbili alinitoza elfu thelathini na tano.

Kurudisha mlango kulikuwa na jambo moja tu la maana. Kile chuma cha kupokea kitasa nilikitoa kabisa kwanza. Kikiwepo, kinaubeba mlango na kukudanganya kwamba umekaa sawa, wakati ni chenyewe kinachounyanyua. Mlango uning'inie kwa bawaba zake peke yake, uufunge taratibu, utazame nafasi pande zote. Mimi nilitumia njiti mbili za kiberiti zilizofungwa pamoja: zikipita juu, nyuma na chini kwa namna moja, kaza. Mistari ya msumari ilinisaidia kwa jani la juu. La chini lilitaka kusogezwa nje kidogo, kwa sababu ya ule mtaimbo. Mzee alikuwa ameyanyoosha majani kadiri alivyoweza, lakini chuma kilichopindwa kina kumbukumbu. Kulegeza, kusukuma, kukaza, kujaribu. Nadhani mara tisa. Mwisho nikakirudisha kile chuma cha nguzoni kwenye alama ya rangi ya kiwandani, juu kabisa ya pale kilipokuwa kimeshushwa. Mlango ukafunga kwa kidole.

Ni miezi minane sasa, na Amani nimekwenda sijui mara ngapi. Nikinyanyua ncha ya mlango, kimya. Grisi natia kila nikibadilisha mafuta ya injini, tone tu, kisha nafuta iliyozidi kwa sababu vumbi la kule linapenda grisi. Kijana nimempiga marufuku kujivuta kwa mlango, na mimi mwenyewe nimefunga mpini wa kushika pale juu ya kioo. Kilichobaki ni raba ya mlango. Ilikandamizwa miaka miwili upande wa chini na haikurudi, kwa hiyo mvua ikinyesha kwa upepo bado naoga mguu wa kulia. Raba nimeshaagiza.

Mlango wa abiria nao juzi nimeusikia "tok". Kopo nimelirudisha chini ya kitanda; mle ndani zimebaki vali mbili nzuri.