Macho kopo, mdomo sufuria

Jioni hii umeme umekatika hapa Kadutu, mjini Bukavu. Nikabaki barazani na watoto wa dada yangu.

Mkubwa, ambaye mdogo wake humwita "yaya", aliacha karanga zake ndani ya kopo la maziwa, akaenda kuteka maji. Mama yao, kwa utani tu, akazihamishia kwenye sufuria, na mdogo wa miaka mitatu anaona.

Nikamwuliza huyo mdogo: "Yaya akirudi, atatafuta karanga yake wapi?"

"Mu sufuria!"

Bila wasiwasi wowote.

Wanasaikolojia Wimmer na Perner walilionyesha hili mwaka 1983, kwa hadithi ya Maxi, ambaye chokoleti yake inahamishwa akiwa nje. Mtoto wa miaka mitatu hudhani analolijua yeye kila mtu analijua. Kuanzia minne na kuendelea mambo huanza kubadilika.

Lakini kilichonishika ni hiki.

Kabla hajajibu, macho yake yalienda kwenye kopo! Nimeyaona vizuri, taa ya simu ilikuwa inammulika. Yakakaa hapo kidogo, ndipo mdomo ukasema sufuria.

Clements na Perner waliandika juu ya jambo hilo hilo mwaka 1994: jicho la mtoto hutangulia mahali sahihi, huku jibu lake bado linakosea. Kulisoma ni kitu kimoja. Kuliona kwa mtoto unayemwogesha mwenyewe, eh!

Yaya karudi, kafungua kopo, kelele zake majirani wote wamezisikia. Mdogo akabaki anamshangaa yeye.

Wenye watoto wa umri huo, jaribuni mniambie: wa kwenu anaangalia wapi kabla ya kujibu?