Kaunsela hakuniambia cha kufanya, na ndicho kilichonisaidia

Ndugu zangu naandika hili maana najua wengi wanaogopa kwenda kwa kaunsela wakidhani wanaenda kusemwa. Mimi ni mtoto wa kwanza, baba alipofariki kila kitu kikanihamia, ada za wadogo, dawa za mama, mpaka michango ya harusi za ukoo naulizwa mimi. Nikaanza kukosa usingizi, kifua kinabana, nikapima hospitali vipimo vyote safi. Kila niliyemwambia ana jibu tayari: jikaze, funga uombe, wewe ndio mzazi sasa hivi. Nia yao ilikuwa njema ila kila jibu lilikuwa linaniongezea kazi.

Mwenzangu kazini akanielekeza kwa mama mmoja kaunsela. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza ningependa aniite nani. Nikamwambia jina langu tu, maana nyumbani nimekuwa dada mkubwa mpaka jina limesahaulika. Nikasubiri maswali, hakuna, akasema muda huu ni wako, anzia popote. Nikanyamaza na yeye akanyamaza, hana haraka, yaani nilikereka maana nilitaka aniambie cha kufanya nikafanye.

Nilipoanza kuongea yeye anasikiliza halafu ananirudishia alichoelewa. Akasema, "Nasikia kama umechoka, na unaona aibu kuchoka." Nikamwambia hapana, sio aibu, nina hasira. Akasema sawa, hasira, wala hakushangaa. Hapo nikalia sana, maana sikuwahi kumwambia mtu mzima kwamba nina hasira na marehemu baba kwa jinsi alivyoacha mambo yake bila mpangilio, na safari hii hakuna aliyenikatiza kwamba marehemu hasemwi.

Baadaye nikasoma kuhusu njia hii, imetoka kwa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Zamani alifanya kazi na watoto na wazazi wao huko Rochester, New York, na anasimulia alivyohangaika kumwonyesha mama mmoja kwamba tatizo la mtoto linaanzia kwake, ikashindikana, wakakubaliana waishie hapo, mama kafika mlangoni akageuka akauliza kama wanapokea na watu wazima, akarudi akamwaga ya ndoa yake, msaada ukaanzia hapo. Mwaka 1957 akaandika masharti ya mtu kubadilika, na yanayotajwa sana ni matatu: mshauri ajaribu kuona mambo kwa macho yako, akukubali bila masharti, na awe mkweli asijifiche nyuma ya utaalamu. Yule kaunsela wangu niliyaona yote kwake, kuna siku aliniambia wazi hajanielewa, nirudie.

Suala la kuitisha kikao cha familia nililitamka mwenyewe katikati ya maongezi, nikashtuka, tukakaa nalo wiki kadhaa, naogopa nini, mama atasemaje. Nikaitisha. Mdogo wangu anayenifuata akachukua ada ya kitinda mimba, baba mdogo akabeba dawa, mama akaninunia kwa muda. Nikarudi kwa kaunsela nikitegemea pongezi, akaniuliza mimi mwenyewe nalionaje.

Wapo wanaotaka kaunsela wa kuwapa mazoezi na mpango, ni sawa kabisa, muulize siku ya kwanza anafanyaje kazi. Na kama umefikia kuwaza kujiua au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, nenda hospitali kwanza, matibabu yapo, na maongezi yanaweza kwenda sambamba.