Minueti mbele ya kiti kitupu

Mwaka niliokuwa nasoma Lyon, Ufaransa, jirani yangu wa ghorofa ya chini alinivuta kwenye darasa la dansi za kale za ikulu za Ulaya. Nilifuata muziki zaidi. Nimekulia karibu na watu wa taarabu, na fidla ikilia popote, miguu yangu inasogea yenyewe.

Ninayoikumbuka vizuri ni Jumamosi ile mwalimu alipotugawia kurasa za Feuillet. Huyu Raoul-Auger Feuillet alichapisha kitabu Paris mwaka 1700, akaonyesha namna ya kuandika dansi kwenye karatasi. Ukurasa ni sakafu ya ukumbi, unaitazama kutoka darini. Njia ya mchezaji ni mstari unaopinda na kurudi, na kandokando yake kuna alama za miguu: kijistari cha mshazari maana yake kunja goti; kilichosimama wima, inuka; viwili pamoja, ruka. Juu kabisa ya ukurasa ndiko anakokaa mfalme. Karatasi haigeuki nawe. Ukimpa mfalme kisogo, unasoma kichwa chini miguu juu, na watu wazima tulikuwa tukigongana mabega kama kuku bandani.

Mfalme wetu alikuwa kiti cha plastiki. Mwalimu alikitaja kwa heshima zote, maana Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa enzi hizo, hakuwa mtazamaji wa kudanganywa. Mwaka 1653, akiwa na miaka 14, alipanda jukwaani mwenyewe kucheza kama Jua, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha mabingwa wa dansi.

Kisha ikaja dansi yenyewe ya minueti. Ukiitazama kwenye filamu utasema ni watu wanatembea kwa madaha tu. Jaribu! Hatua moja ina mapigo sita, lakini mguu unatua kwenye la kwanza, la tatu, la nne na la tano. La pili na la sita ni ya kukunja magoti, na kila hatua inaanza kwa mguu wa kulia, mwanamume na mwanamke sawasawa. Ngoma nilizozoea, uzito unashuka pamoja na pigo. Hapa unashuka kabla, ili pigo likukute unapanda. Mapaja yangu yaliwaka moto, nami nimecheza ngoma za harusi hadi alfajiri bila kulalamika.

Jioni mwalimu akatangaza kwamba tutacheza kama walivyocheza ikulu: jozi moja uwanjani, wengine wote wamekaa wanatazama. Hapo ndipo nilipoielewa minueti. Kumbe ni mtihani wa hadharani! Mwenzangu alikuwa mzee mstaafu, mrefu, amevaa soksi nyeupe mpaka magotini. Tukainamia kiti, tukainamiana, tukaanza kuchora njia ya umbo la Z sakafuni, kila mmoja kutoka pembe yake, tukipishana katikati bila kugusana, macho kwa macho. Pierre Rameau, aliyeandika kitabu cha kufundishia mwaka 1725, anasema umbo hilo zamani lilikuwa S, na Pécour, bingwa wa kutunga dansi, ndiye aliyelifanya Z. Kupishana huko ndiko kutamu kuliko yote. Hakuna neno linalosemwa, ila unajua kabisa kama mwenzako anakukaribisha au anahesabu mapigo kimoyomoyo.

Mzee wangu hakuwa anahesabu. Alikuwa ananogewa. Baada ya Z chache mwanamume ndiye huashiria kwamba sasa tupeane mkono wa kulia, halafu wa kushoto, tuelekee mwisho. Yeye akapita, akarudi, akapita tena. Jozi zilizokuwa zikingoja zamu zikaanza kucheka. Nilipopishana naye tena Kiswahili kikanitoka: "Mkono, mzee, mkono!"

Akaniinamishia kichwa kwa adabu, akaendelea na Z yake. Mpiga fidla ndiye aliyetuokoa: alikata wimbo katikati, akaanza kukaza nyuzi.