Kumbukumbu ya mradi, wiki ya saba: kordi imekaa

Jana saa tano usiku kordi imekaa kwenye piano yangu, ile inayojipiga yenyewe: unakanyaga pedali, gombo la karatasi linapita, na kila tundu kwenye gombo linapiga noti yake. Noti sita, mlio mmoja, bila ile michirizi ya noti kutoka moja moja iliyonitesa tangu mwezi wa nane. Nikarudisha gombo nyuma, nikakanyaga tena, ikakaa tena. Nimerudia mpaka vifundo vya miguu vikauma.

Kwa wanaofuatilia: gombo jipya nililonunua ni nakala ya gombo la miaka ya 1920, na lile la zamani ninalo pia, limechakaa kingo lakini linapigika. Jipya ukilitazama ni zuri mno, karatasi safi, matundu ya duara kamili. Likipigwa sasa! Kordi moja inatoka safi, inayofuata inamwagika kama punje kwenye sahani. Noti za kurudiarudia ndizo mbaya zaidi: badala ya nne unasikia tatu, moja imemezwa.

Wiki tatu nzima niliilaumu piano. Nilibadilisha mirija ya mpira ya upande wa besi, nikafungua vali kumi na mbili zinazopitisha hewa ya noti, nikanyonya vumbi kwenye upau wa shaba unaosoma matundu ya gombo, tundu kwa tundu. Mama Rehema ndiye aliyeniambia kutoka jikoni: "Baba Rehema, lile la zamani si linaimba vizuri kwenye piano hiyohiyo? Unaifungulia nini?" Nililiweka la zamani, likaimba. Vali zangu hazikuwa na kosa lolote.

Mshukiwa wa pili alikuwa unyevu. Hapa Columbus, Ohio, kiangazi karatasi inavimba, na vipimo vya Buffalo vya 1908, walivyokubaliana watengenezaji wa magombo, havina huruma: upana inchi 11¼, matundu 9 kwa inchi, yaani milimita 2.8 tu kutoka noti moja hadi jirani yake. Karatasi ikitanuka milimita moja na nusu, noti za pembeni zinaanza kuvuja. Lakini kordi zangu zilimwagika katikati ya upau, mahali ambapo kutanuka hakuna athari. Nikaacha kupima upana, nikaanza kupima urefu.

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Nililipitisha gombo la zamani kwenye skana, nikachora mwanzo wa kila tundu. Matundu hayakai popote tu, yanakaa kwenye ngazi. Mashine iliyolitoboa ilisogeza karatasi hatua 21 kwa kila inchi, na kila noti inaanzia kwenye ngazi mojawapo. Gombo jipya nalo lina ngazi zake, 30 kwa inchi. Aliyelinakili alisoma matundu ya zamani kisha akayasukuma kila moja kwenye ngazi mpya iliyo karibu.

Fikirieni noti sita zilizotobolewa pamoja kwenye ngazi ya zamani. Kwenye ngazi mpya zinaangukia wapi? Zikiangukia karibu na ngazi, salama, zote zinakwenda pamoja. Zikiangukia nusu kwa nusu kati ya ngazi mbili, hitilafu ndogo kabisa ya kusoma inapeleka tatu mbele na tatu nyuma. Kwa mwendo 70, futi 7 kwa dakika, ngazi moja ya 1/30 ya inchi ni takriban milisekunde 24, na sikio linaisikia. Ndiyo maana kordi moja safi, ya pili chafu. Na noti ya kurudia, nafasi kati ya tundu na tundu ikipunguzwa ngazi moja, vali haipati muda wa kurudi.

Kinachoniuma ni kwamba gombo kama hili linauzwa kwa karatasi nzuri na sanduku zuri, na mtu mwenye piano yake ya kwanza atafungua vali zake bure kama mimi.

Basi nikaamua kutoboa langu. Mota inayosogeza karatasi hatua kwa hatua niliipanga 42 kwa inchi, mara mbili ya 21, ili kila ngazi ya zamani ipate ngazi yake kamili. Nikatoboa futi sita za majaribio. Inchi chache za mwanzo, tamu. Kisha ikaanza kumwagika, kisha ikatulia, kisha ikamwagika tena. Siku nne sikulala vizuri kwa sababu ya hilo.

Sababu: karatasi ya zamani imesinyaa, na rola ya skana inateleza kidogo. Jumla asilimia 0.3 hivi. Ni kidogo, lakini ukihesabu ngazi kwa 21 kamili, baada ya inchi 8 umeshakosea nusu ngazi. Sekunde sita za muziki! Dawa ilikuwa kuacha kuhesabu kutoka mwanzo wa gombo. Sasa programu inapima ngazi upya kila inchi mbili kwa kutumia matundu yenyewe, na vidaraja vya noti ndefu, yaani vipande vidogo vya karatasi vinavyokatiza tundu refu, inaviunganisha kwanza ili visihesabiwe kama mwanzo wa noti. Jana usiku ndiyo ilikuwa futi ya kwanza ya namna hiyo.

Kuhusu zana: kalipa ya kidijitali iwekeni kando, inaibana karatasi na kudanganya. Kioo chenye taa chini na lenzi ya kukuzia vinatosha. Panchi noeni kila baada ya futi chache, panchi butu huacha manyoya kwenye ukingo wa tundu, na manyoya hayo yote yanaishia ndani ya upau. Karatasi isiyo na nta sinunui tena.

Wiki hii nilipanga kutengeneza visahani vipya vya spuli, kile kigurudumu kinachozungushiwa gombo. Sijavigusa. Nilipopanga noti zote kwenye ngazi zake niliona mkono wa kushoto unaangukia kila ngazi ya 24, bila kukosea hata moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna mpiga piano mwenye mkono wa namna hiyo. Huyu alikuwa mtu mwenye penseli na rula, akichora muziki juu ya karatasi. Mkono wa kulia, hata hivyo, kwenye futi ya 11 unachelewa ngazi mbili, kwa makusudi kabisa, kisha unarudi. Nimekaa naye hadi saa nane. Leo nikitoka kazini naanzia futi ya 12.