Mandolini ya umeme: niliisikiliza uzi kwa uzi

Mwezi uliopita, kwenye harusi moja Ngamiani, nilipiga mandolini ya umeme ya kuazima. Mandolini ina jozi nne za nyuzi, kutoka nene hadi nyembamba: G, D, A na E. Nikishuka kwenye nyuzi nene za G, sauti inazama ndani ya besi. Nikipanda za E, zinachoma masikio. Mwimbaji alinigeukia mara mbili. Iliniuma sana. Kwenye taarab mwimbaji akimaliza mshororo, mandolini humjibu, na jibu langu mara nyingi huanzia chini. Mwanzo wake ukizama, sijamjibu kitu.

Akiba ilipotimia nikaenda Chumbageni kwa jamaa mwenye mandolini mbili za kuuza. Nilifuatana na mjomba, mpiga udi wa siku nyingi. Akanizuia kupiga wimbo. "Wimbo utakulaghai, mwanangu. Piga uzi mmoja mmoja." Basi nikapiga G kwenye freti ya saba (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni), kisha D wazi, bila kuibana: noti ni ileile, kwa hiyo mkono ukiwa na nguvu moja, masikio yanapima wingi wa sauti tu. Vivyo hivyo D na A, A na E.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, lakini pikapu yake, yaani kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ni ya gitaa: vichwa sita vya sumaku chini ya jozi nne za nyuzi. Havikulingana na jozi hata moja. Niliiweka chini haraka.

Ya pili imechubuka, ila kila jozi ina sumaku yake yenye skrubu ya kuisogeza karibu au mbali na nyuzi. Bado E ilizidi. Nikatazama nyuzi: zile nene zilikuwa za shaba nyeusi. Sumaku haiisikii shaba, husikia kiini cha chuma kilichomo ndani tu, na E ni chuma kitupu. Nikajua dawa ipo, nikailipia.

(Zipo mandolini za umeme za nyuzi nne tu, kama ile ya kampuni ya Fender ya 1956. Kusawazisha ni rahisi zaidi, lakini mimi naupenda mtetemo wa nyuzi mbilimbili.)

Nyumbani Makorora nikafunga nyuzi zilizozungushiwa nikeli, ambayo sumaku huisikia, kisha nikashusha skrubu ya E kwa bisibisi, nusu mzunguko, nasikiliza, nusu tena. Usiku wa tatu G ikatoka kwenye spika imesimama wima.

Ijumaa tuna harusi. Mjomba amesema atakaa karibu na spika.